Kiganja cha Zuhena

Chai ilikuwa bado haijachemka pale bangili iliyokuwa mguuni kwa Tunu, mtoto wa mwaka mmoja, iliposema: "Joto thelathini na tisa. Mama ana saa moja." Lisiposhuka ndani ya saa hiyo, gari la zahanati lingekuja kumchukua mtoto kwa siku saba, na mama yake asingeruhusiwa kumfuata. Ndiyo sheria ya watoto wote.

Zuhena alipotoka chumbani na dawa ya maji, alimkuta mama mkwe wake, Bi Mkasi, ameshamviringisha mtoto kwa blanketi zito.

"Atoke jasho," alisema Bi Mkasi. "Sita nimewalea hivi hivi."

"Niwie radhi, mama. Humo anazidi kuchemka."

Akamfunua, akamvua hata fulana. Akampimia dawa kulingana na uzito wake, kisha akamnyonyesha, huku akisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Bi Mkasi alinuna, lakini blanketi alilikunja mwenyewe.

Zilipobaki dakika nane, bangili ikasema: "Thelathini na saba na nusu. Mtoto anabaki."

"Alhamdulillahi." Bi Mkasi akampapasa mjukuu wake kipajini. "Kweli limeshuka. Hebu weka na wewe mkono."

Zuhena akauweka. Yeye naye alikulia na bangili mguuni, na hakuna aliyewahi kumfundisha kupapasa homa.

"Sijui, mama. Nahisi ngozi tu."

"Basi usiutoe," alisema Bi Mkasi, akaweka kiganja chake juu ya cha Zuhena. "Tulia hapo hapo mpaka ujue."