Namba ya Ukutani

Hewa ilitoka, lakini kidogo mno, tena ya vuguvugu. Norma aliinua kiganja hadi kwenye tundu la dari, akakishusha. Asubuhi kile kidude cha ukutani cha kupimia joto kilikuwa kimeandika 78. Sasa kilisema 91.

“Kiyoyozi kimekufa?” Gene, mumewe, akauliza kutoka kwenye kochi.

“Hakijafa. Wewe lala.”

“Nimelala hapa tangu saa mbili, bibie. Nilale mara ngapi?”

Alikuwa na fulana ya ndani tu, na kitambaa chenye maji juu ya kovu la upasuaji. Daktari alishawaambia bila kuzunguka: moyo ule hauwezi joto. Na nje, mji wote wa Mesa, jangwa lote la Arizona, joto lilikuwa nyuzi mia moja na kumi na sita za Farenhaiti, karibu arobaini na saba za Selsiasi. Mwezi wa saba, saa nane mchana. Joto la namna hiyo linamuua mtu amekaa kituoni anangoja basi.

“Tumwite fundi,” Gene akasema.

“Thubutu! Fundi ana macho, ana mdomo. Atauliza hiki na kile, na kesho watu wa ustawi wa jamii wako mlangoni na makaratasi yao, watupeleke kwenye makazi yao. Wanaume huku, wanawake kule. Nani atakuamsha umeze dawa?”

Miaka arobaini na moja ya ndoa, hawajawahi kulala mbalimbali ila hospitali.

“Basi fundi ni wewe leo,” Gene akasema. “Mimi niliyetengeneza mabasi miaka thelathini nitakaa hapa nikugombeze. Anza na umeme.”

Norma alifungua milango mitatu kabla ya kulipata sanduku la umeme. Kila swichi ilikuwa na karatasi yake, wino wa buluu, mwandiko wa mtu mtaratibu: jikoni, gereji, kiyoyozi. Zote zilikuwa zimewashwa. Akaizima ile ya kiyoyozi, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. Wapi!

“Nenda kauangalie mtambo wa nje. Pitia nyuma.”

Kwanza alichungulia pembeni mwa pazia. Mapazia yalifungwa mtaa mzima, ndivyo watu wanavyofanya huku mwezi wa saba, na nusu ya nyumba hazikuwa na watu kabisa. Wenyewe walishapanda kaskazini kwenye ubaridi, kama kila mwaka. Lakini Bi Pruitt wa ng’ambo ya barabara haendi popote, na hakuna kinachompita. Alikuwa amesimama kando ya sanduku lake la barua, kofia kichwani, akitazama huku. Norma aligandamana na ukuta mpaka aliposikia mlango wa ng’ambo ukifungwa.

Nyuma ya nyumba, jua lilimpiga utosini. Feni ya mtambo ilikuwa ikizunguka vizuri. Ila bomba nene linaloingia ukutani lilikuwa jeupe pe. Akaligusa, akautoa mkono haraka.

“Gene!” alinong’ona akirudi. “Barafu! Kwenye jua hili, bomba lina barafu!”

“Ahaa. Basi hewa haipiti. Filta ya kuchuja vumbi imeziba. Tafuta ule wavu mkubwa wa chuma ukutani, hapo koridoni.”

Aliichomoa. Ilikuwa ya kijivu, nene kama blanketi la jeshi, vumbi likamwagika miguuni.

“Mama yangu! Hiyo hubadilishwa kila mwezi,” Gene akasema. “Umeibadilisha lini?”

“Mimi? Sijawahi hata kuiona!”

“Zima ubaridi, acha feni peke yake iyeyushe hiyo barafu. Halafu weka filta mpya, kitapona; bila filta kitajaa vumbi kife kabisa.”

“Mpya iko wapi?”

“Tafuta, lazima iko humu,” Gene akasema.

Alitafuta chini ya sinki, chumba cha kufulia, kabati la mashuka, hata rafu za gereji. Alipekua polepole, kila kitu akikirudisha palepale kilipokuwa. Hakuna filta. Aliporudi, ukuta ulisema 93.

Gene hakufanya mzaha tena, na hilo ndilo lililomtisha Norma kuliko namba. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alimshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa.

“Mzee. Hebu sema kitu. Nitukane basi.”

“Usimpigie mtu, Norma. Bado kidogo tu.”

“Bado kidogo nini? Ufe?”

94.

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akatoa simu kwenye mkoba apige 911, namba ya dharura. Afadhali awe hai upande wa wanaume, alijiambia, kuliko awe maiti upande wangu. Waje na maswali yao yote. Alikwisha kubonyeza tisa, anatafuta moja, ukuta ulipogeuka: 95.

Hapohapo ikalia ile simu nyingine, ya ukutani jikoni, ambayo hawakuipokea hata siku moja. Ikalia mara nne. Kisha mashine yake ya kurekodi ujumbe ikaitika, na sauti ya mzee, ya taratibu, ikajaa nyumba.

“Haloo. Mimi Arvid Lindgren, napiga kutoka Minnesota, huku kaskazini. Simu yangu, iliyounganishwa na hicho kidude cha ukutani, imenipigia kelele kwamba nyumba imefika tisini na tano.” Akakohoa. “Sijui nyie mliomo nyumbani kwetu ni nani. Mwezi wa sita mliposhusha joto hadi sabini na nane, mke wangu alisema, aliyeingia humo anaumia na joto, mwache. Filta mpya ziko gereji, nyuma ya mti wa Krismasi. Sisi haturudi hapo mpaka Oktoba.”