Kiboko na Upande wa Kina

Usiku Mama Ngiri alisikia maji yakilia chubwi! Akapapasa ubavuni, mwanawe hayupo. Jana walipofika bwawani kustarehe, Kiboko mwenyeji aliwakataza kuoga upande wa kina, naye Mama Ngiri akacheka, eti wanabaniwa raha.

Akatoka mbio, akamkuta mtoto anazama huko huko, na Kiboko kasimama tu ukingoni.

"Mzee, mwokoe, si bwawa ni lako!"

"Dada, sijui kuogelea! Mimi hutembea chini tu, na pale miguu haigusi. Unadhani nilikataza kwa nini?"

Mama Ngiri akajitosa mwenyewe, akamng'ata mtoto sikio, akamburuta hadi nchi kavu.

"Tafadhali usinitangaze," Kiboko akanong'ona.

"Simwambii mtu, naapa. Na wewe, nilivyocheka jana, usimwambie baba yake."