Ukuta wa Jikoni kwa Tausi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Juni. Mke wangu Tausi alifariki, na wakubwa wa shirika la nyumba wakaichukua fleti yetu ya Upanga kwa sababu hati ilikuwa na jina lake peke yake.

Leo nimerudi kama mnunuzi. Dalali Mushi ananionyesha lifti mbovu na bomba linalotoa maji Alhamisi tu. Kuta za siku hizi hutunza sauti za waliokaa ndani, na jikoni namsikia Tausi akiimba huku anakuna nazi.

"Mzee wangu, sheria inataka kuta zifutwe sauti kwanza, ndipo upewe funguo."

"Na huu unyevu ukutani, wataufuta pia?"

"Huo unanunua nao."

Nikakaa chini, mgongo ukutani. "Basi waite hao wakubwa waje waniambie: kama unyevu ni wangu, sauti ya mke wangu ni ya nani?"