Kura ya Bibi Harusi

Shoga, nina hasira, natamani kung'ata mtu! Si unaijua sheria: kabla ya kufunga ndoa, kompyuta ya mtaa inapiga kura kati ya wanawake wote wasio na mume waliomo nyumbani, na atakayetokea ndiye anayeolewa. Haya. Wiki nzima nimesuguliwa liwa, nimepakwa hina mpaka magotini. Jina likatoka: Bi Mwanakombo, jirani yetu, kikongwe aliyekuja kukoroga pilau!

Nikamrukia Shamte, mchumba wangu. "Sema kitu basi!"

"Kura ni kura, mpenzi," akajibu, huku anamsaidia bibi wa watu kuvua aproni.

Takwimu nimesoma chuoni, najua kura haijui nani kapakwa hina. Lakini jamani, nilidhani itaona aibu!

Mama akacheka. "Acha kelele, mwanangu. Hata mimi baba yako nilimpata nikiosha masufuria kwenye harusi ya dada yangu."

Nikageuka. Mama mkubwa, ambaye hajaolewa mpaka leo, alikuwa anampakulia baba pilau. Alimchagulia minofu, mmoja mmoja, bila kunyanyua uso.