Bangili ya Mama

Wananchi wapendwa, natangaza rasmi kwamba mama yangu, Bi Zamzam, mtaalamu wa programu, ndiye mfanyakazi mwenye furaha kuliko wote katika kampuni yao. Mwenyewe ameipokea habari hiyo akilia.

Siku hizi ofisini hawapokei malalamiko ya mdomo wala ya barua. Kinachosikilizwa ni bangili tu ya kupima hisia, inayovaliwa mchana na usiku: ikiwa kijani umeridhika, ikiwa nyekundu unateseka. Mama hutumia kiti cha magurudumu, na kila asubuhi walinzi wawili humpandisha ngazi wakimbeba kama gunia, mbele ya bango lenye picha yake na maneno "Hapa Kila Mtu ni Wetu." Siku saba mfululizo za nyekundu zingemletea lifti. Alifikisha sita.

Ya saba, jana, ikasoma kijani. Leo afisa wa ustawi amepiga simu.

"Hongera, dada! Ombi lako la lifti tumelifunga. Utaruhusiwa kuomba tena baada ya miaka mitano."

"Lakini jana nililia mpaka usingizi ukanichukua!"

"Bangili haidanganyi, dada."

Mama amekata simu. Ameivua bangili, akainusa, akachomoa manyoya meupe kwenye kifungo chake.

"Shekue, jana nilipolala, hii ilikuwa wapi?"

Nimejaribu kikohozi changu cha uongo cha bweni, kile kinachomlainisha hata matroni. Hakikusaidia.

"Kwa mbuzi wetu, mama. Nilimvalisha ili nicheke kidogo. Alikuwa anakula maganda ya ndizi. Alikuwa na raha sana, mama."