Tai Mkubwa

Chande alilivaa shati lake la harusi mbele ya kioo cha fundi, akaduwaa. Kifuani, kutoka bega hadi bega, tai alikuwa amekunjua mbawa, macho yake ya uzi wa dhahabu.

"Bi Salha," alisema, "huyu ndege anafanya nini hapa?"

"Si ndiye uliyemtaka? Ulikuja unacheka peke yako, ukasema: shati jeupe na tai mkubwa. Mkubwa, mwanangu! Ungesema tai kubwa, ningekushonea kitambaa cha shingoni nikalala mapema."

"Nilikuwa nimetoka kukubaliwa na Zamda, mama. Ulimi uliteleza."

Nje vigelegele vilishaanza. Muda wa kutafuta shati jingine haukuwepo. Bi Salha alishika mkasi. "Nimfumue?"

Chande alijitazama tena. Akanyoosha mikono, na yule ndege akanyooka naye. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwache. Tai ya shingoni ililetwa na wageni pamoja na jina lake. Huyu jina ni lake tangu zamani."

Alipoingia uani kwa wakwe, ngoma zilinyamaza. Shangazi mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Mashemeji wakatazamana. Zamda alifunua shela, akamkagua yule ndege kuanzia kucha hadi macho.

Kisha bibi harusi akainuka mkekani, akatandaza mikono yake iliyojaa hina, akaanza kuzunguka polepole, kama anayetafuta pa kutua.