Moyo wa Tano

Vinasa sauti vya siku hizo vilinasa hata mapigo ya moyo wa mpigaji, na sheria ilikataza kufuta chochote. Basi rekodi mpya ya fidla nne ilipotolewa Ijumaa alasiri, mtaa mzima uliwasha spika kwa pamoja, kama ilivyo desturi.

Saumu, mpigaji wa fidla kubwa, alisikiliza mkekani na mumewe, Shomari. Muziki uliwazunguka hadi wakahisi wapigaji wote wamo sebuleni. Shomari alifumba macho, akiitambua mioyo yao mmoja mmoja.

"Mke wangu," akanong'ona, "si mlikuwa wanne? Mbona kuna moyo wa tano? Mdogo, wa mbiombio, upande wako."

Saumu akashika tumbo, pale alipoiegemeza fidla siku ya kurekodi. Hata yeye alikuwa hajui. Machozi yakamtoka. Shomari akapiga magoti mbele ya spika, asithubutu hata kuigusa.

Nje, nyumba hadi nyumba, vigelegele vikaanza. Saumu, aliyefunzwa na mama yake kwamba mimba changa hufichwa watu wasiitie kijicho, akainuka taratibu akafunga dirisha.